Je, Kukosa Furaha ni Kukosa Imani?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mume wangu anaumwa mwaka wa pili sasa, na kazi niliyokuwa nayo imekwisha. Ibadani nasimama na wenzangu tunaimba, ila moyo mkavu. Mpendwa mmoja kaniambia Mkristo asiye na furaha amepungukiwa imani, kwa kuwa tumeagizwa, "Furahini katika Bwana sikuzote." Je, natenda dhambi?

Jibu: Amina, dada yangu. Pole sana kwa kuuguza.

Andiko ni sahihi, Wafilipi 4:4, lakini mwenzako angerudi nyuma kidogo. Paulo aliandika waraka ule akiwa kifungoni, na katika sura ya 2 anaeleza jinsi Epafrodito, mtenda kazi mwenzake, alivyougua karibu na kufa. Mungu alimhurumia, asema, "nisiwe na huzuni juu ya huzuni." Maana yake huzuni moja alikuwa nayo tayari, akaogopa ya pili. Na ni huyo huyo anayeagiza watu wafurahi!

Tazama anawaagiza wafurahi wapi: katika Bwana. Hakusema katika ugonjwa. Wapo wanaofundisha kwamba umshangilie Mungu kwa sababu mumeo anaumwa. Mimi mafundisho hayo siyawezi.

Nabii Habakuki naye anahesabu hasara bila kuficha: mtini hauna maua, mizabibu haina matunda, zizi halina kundi. Kwa watu wa shamba na mifugo, hiyo ni njaa mlangoni. Mstari mmoja kabla ya hapo anakiri tumbo lake lilitetemeka. Ndipo anasema, "Walakini nitamfurahia BWANA." Baada ya "walakini" ile, mtini bado haujachanua. Ila katika vyote alivyohesabu kuwa vimepotea, Mungu hayumo. Hapo ndipo furaha yake iliposhika, huku tumbo likitetemeka.

Kuhusu moyo mkavu, soma Zaburi 42 na 43 kwa pamoja. Mwimbaji anaihoji nafsi yake, "Kwa nini kuinama?" Anaihoji mara tatu, nadhani mara mbili za kwanza haikumsikia. Isome kando ya kitanda cha mgonjwa, hata kwa kunong'ona. Ibadani sauti ikigoma, keti, wenzako wataimba.

Na yule mpendwa, mwombe aje akupokee zamu ya usiku mmoja, ulale.