Mkono wa mama unalegea, kisha anapona

SWALI: Shikamoo daktari. Mama ana miaka 63. Mara tatu sasa mkono wake wa kulia umelegea ghafla, kikombe kikamponyoka, maneno yakawa mazito. Baada ya dakika kumi yu mzima. Dawa za presha humeza kichwa kikimuuma tu. Kwa nini inajirudia? – Binti, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hizo ni dalili za kiharusi cha muda mfupi: kidonge cha damu iliyoganda huziba mshipa wa ubongo, kisha huyeyuka. Kwa kuwa ni upande uleule kila mara, nashuku kwanza mshipa mkubwa wa shingoni, wa kushoto (ubongo wa kushoto ndio huendesha mkono wa kulia), umejaa mafuta na unamegua vipande. Ingekuwa leo kulia, kesho kushoto, ningeushuku moyo zaidi. Moyo unaodunda bila mpangilio hugandisha damu na kuirusha popote. Apimwe vyote: ultrasaundi ya shingo, umeme wa moyo, sukari, na lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu.

Hilo la dawa limenisikitisha sana. Presha huharibu mishipa bila maumivu yoyote. Ameze kila siku. Aspirini asipewe kabla picha ya ubongo haijaonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja.

Ikitokea tena, msingoje apone. Saa 48 za mwanzo ndizo hatari zaidi kwa kiharusi kamili. Na hata sasa, mpeleke hospitali leo.