Swali la mwalimu: Wanafunzi si watachafua data?

SWALI: Mimi nafundisha sayansi, nimesikia wanafunzi wanaweza kusaidia utafiti wa kweli wa wanyamapori wakiwa hapo hapo darasani, sasa si watakosea tu na kuwaharibia watafiti kazi?

JIBU: Watakosea ndio mwalimu, na hilo lilishafikiriwa. Chukua Snapshot Serengeti, mradi wa kutambua wanyama kwenye picha za Serengeti, ulianza 2012 kwenye Zooniverse (tovuti ambapo mtu yeyote anasaidia utafiti): kamera zinapiga picha zenyewe mnyama akipita, halafu picha moja inaangaliwa na watu wengi tofauti, jibu la wengi ndo linachukuliwa, kwa hiyo mtoto mmoja akimwita nyumbu nyati haharibu kitu. Kompyuta moja na projekta zinatosha, we waache wabishane kwanza kuhusu pembe na mkia (hapo ndo somo lenyewe lilipo). Picha nyingi hazina mnyama, ni majani tu yametikiswa na upepo, waambie mapema wasije wakachoka, na "hakuna kitu" nayo ni data.

Wakitaka kutoka nje, kuna iNaturalist, app ya kupiga picha mimea na wanyama na kuzirekodi, akaunti yake ni miaka 13 kwenda juu, wadogo watumie Seek, app ndugu yake ya kutambua viumbe kwa kamera, haihitaji akaunti. Ila Seek bila akaunti haipeleki kitu kwa watafiti, hapo usiwadanganye.