Umehamia Mji Mgeni? Tafuta Watu Watakaokudai

Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, ofisini tuliongea kuhusu viwanja, kodi za nyumba na upepo wenye vumbi. Hakuna aliyetaja jioni. Zamu yetu ikafika, wengi tukaacha familia Dar es Salaam. Unatoka ofisini Mtumba, unafika nyumbani kwako Ilazo, unapasha kiporo, unapiga simu nyumbani, watoto wanakuamkia huku macho yao yakiwa kwenye katuni. Ukikata simu, saa mbili usiku haijafika.

Watu nilikuwa nao. Chai ya saa nne tulikunywa pamoja, tukataniana mpaka machozi. Lakini ningeugua Ijumaa usiku, wa kwanza kujua angekuwa mtunza mahudhurio Jumatatu.

Mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale Aristotle, mzaliwa wa Stagira aliyeishi miaka mingi Athens bila uraia wake, aliandika kwamba hakuna ambaye angechagua kuishi bila marafiki hata kama angekuwa na mema mengine yote. Aliugawa urafiki mara tatu: wa kufaana, wa kufurahishana, na ule wa watu wema wanaotakiana mema. Wa kufaana aliona hudumu kwa shida, kwa kuwa faida ikiisha nao huisha. Urafiki wa kazini mwingi ni huo. Ukihamishwa idara simu zinapungua, na wala si unafiki. Kilichowaunganisha kilikuwa faili.

Hata hivyo hapo kwenye kufaana nabishana naye kidogo. Sisi tunasema undugu ni kufaana, si kufanana. Wanyamwezi waliokwenda pwani na misafara ya biashara walikuwa na watani wao Wazaramo. Mtani hakuwa mtu wa mzaha tu, maana alikuwa na haki kwako na wewe ulikuwa na haki kwake, hadi msibani. Mgeni alifika akiwa tayari na mtu wa kumdai. Mjini leo utani umebaki wa kuchekeshana, kwa hiyo wa kukudai inabidi umtafute mwenyewe.

Na kumtafuta kunakula muda. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba watu waliofahamiana tu huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ili waanze kuwa marafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili wawe wa karibu. Saa za kufanya kazi pamoja hazisaidii sana. Niliposoma hilo nilielewa kwa nini chai zote zile hazikunifikisha mbali.

Kwa hiyo, kwanza kaa mjini. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kukimbia kumekuwa rahisi mno. Mwenye familia Dar aende, tena aende bila kujilaumu, lakini abakize wikendi moja moja. Huwezi kuzoeana na mtaa unaouona gizani tu.

Halafu chagua sehemu moja yenye watu walewale, usionje kila mahali. Mimi nilikwenda jumuiya ndogondogo ya mtaani. Mwingine atapata darsa la msikitini, kikoba, au kijiwe cha bao. Mwanzoni utachoka. Utakaa pembeni, utasahau majina, utaona wenzako wanacheka kwa habari usizozijua. Vumilia, na mapema iwezekanavyo omba kazi, hata ya kupanga viti. Nilipokabidhiwa daftari la michango, mambo yaligeuka: watu walianza kunitafuta, wengine kunikwepa, na wote wakanijua. Jumamosi moja sikwenda, na kabla ya mchana simu ililia: "Dada, hatujakuona, uko mzima?" Mafua tu. Uji ulikuja hata hivyo.

Azima vitu pia. Kuomba ngazi kwa jirani kunawaleta karibu kuliko salamu za mwaka mzima, kwa sababu lazima uirudishe. Kundi la WhatsApp la watu mia mbili halina kazi hiyo. Hapo ukinyamaza mwezi mzima hakuna anayegundua.

Upweke ukiambatana na kukosa usingizi kwa wiki kadhaa, chakula kutopita, au mawazo ya kujidhuru, usiiachie jumuiya peke yake. Nenda hospitali. Dodoma tunayo Mirembe, hospitali ya afya ya akili, na wanaolifanya jina hilo kuwa tusi wanawachelewesha watu kupata tiba.

Nanyi wenyeji, mgeni akihamia mtaani msimwonee haya. Ukitokea msiba wiki hiyohiyo, mwandikeni kwenye daftari, mumweleze kiwango na siku ya kukusanyika. Wengi mnadhani mtamsumbua. Mimi nilipodaiwa elfu tano yangu ya kwanza, nililipa siku ileile.