Ukitaka kumjua Kanumba, usianzie msibani

Mtoto wa dada yangu ana miaka 14. Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu wa Tanzania, alipofariki, yeye alikuwa ndiyo kwanza anashikilia viti ajifunze kusimama. Majuzi alinijia na simu mkononi: "Tonton, huyu Kanumba njo nani? Kila nikimutafuta naona bantu beko banalia tu."

Alikuwa anatazama picha za msiba wake, viwanja vya Leaders, Dar es Salaam, Aprili 2012: umati wa watu, wengine wanazimia na kubebwa mikononi. Nikamwambia azime, akae chini. Haya ninayoandika ni yale niliyomwambia jioni ile, pamoja na mengine ambayo sikumwambia kwa sababu nilikuwa nayaonea haya.

Usianzie msibani. Ukianzia hapo, filamu zote utazitazama kama ndugu wa marehemu, na ndugu wa marehemu hathubutu kusema kwamba marehemu alikuwa na kasoro. Kanumba alikuwa nazo tele, na mimi raha yangu kubwa imekuwa kumwona akizipunguza moja moja, mwaka hadi mwaka.

Alizaliwa Shinyanga mwaka 1984. Dar es Salaam alijulikana kupitia kundi la Kaole, kwenye michezo ya kuigiza ya ITV. Hayo sisi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hatukuyaona. Kwetu aliingia kwa mlango wa Wanaijeria. Katika vyumba vya video vya Kadutu, enzi zile tunalipa faranga 100 na kukaa kwenye mbao, nyuso tulizozijua zilikuwa za Lagos. Halafu ikaja Dar to Lagos ya mwaka 2006, ambamo alicheza na Mercy Johnson, mwigizaji wa Nigeria, na tukamwona kijana mmoja mrefu akiongea Kiswahili katikati ya watu tuliozoea kuwaona wakiongea Kiingereza. Jirani yangu pale kwenye ubao aliniuliza kwa mshangao: "Kumbe Kiswahili nacho kinaingia kwenye filamu?" Anza na hiyo. Si kwamba ndiyo bora kuliko zote, hapana, ila utamwona kijana wa miaka 22 aliyevuka mpaka kabla ya kuwa tayari. Na hakungoja awe tayari.

Mwaka uleule nikaanza kuuza CD sokoni Kadutu. Mzigo ulitoka Dar, ukashuka Kigoma, ukavuka Ziwa Tanganyika hadi Uvira, kisha ukapanda kwa lori kuja Bukavu pamoja na vitenge na sabuni. Zilizofika bila kukwaruzwa tulizihesabu kama mayai. Filamu moja ilikuja vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, kila kimoja na bei yake. Nilikuwa na mteja, mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, aliyenunua sehemu ya kwanza Jumatatu na kurudi Ijumaa kwa ya pili, na siku zote tatu katikati alikuwa akinisimulia jinsi anavyodhani itaisha. Mara nyingi simulizi yake iliishinda ile ya kwenye CD.

Kuhusu lugha, nikutahadharishe wewe wa Goma, Bukavu au Uvira. Majina ya filamu zake nyingi ni ya Kiingereza lakini ndani watu wanaongea Kiswahili. Oprah, ile ya mwaka 2008 iliyowakutanisha yeye na waigizaji wenzake Ray na Irene Uwoya, ilikaa mezani kwangu wiki nzima bila kununuliwa kwa kuwa wateja walidhani inahusu yule mama wa Marekani. Na Kiswahili chenyewe si hiki chetu cha "batoto" na "niko naenda". Nilikinywa Kiswahili kile kama maji. Siku moja nilimsalimia mjomba wangu "Shikamoo", akanikazia macho, akauliza: "Nishike nini?" Wenzangu walinicheka mwezi mzima. Lakini hata sentensi hizi unazosoma sikuzipata shuleni, maana shuleni tulifundishwa Kifaransa. Nilizipata kwake na kwa wenzake, nikirudisha CD nyuma ili nisikie tena neno lililonipita. Kijana akiniuliza aanzie wapi kujifunza Kiswahili cha Tanzania, simpi kitabu cha sarufi. Namwambia atazame, arudishe nyuma, aseme mwenyewe kwa sauti, na asiogope kuchekwa na mjomba.

Sasa namna ya kumtazama. Wengi watakuambia tazama anavyolia, na ni kweli alijua kulia. Mimi nakuambia tazama anavyosikiliza. Mwenzake anapokuwa na maneno marefu, wewe achana na huyo mwenzake, mwangalie Kanumba peke yake. Katika filamu za mwanzo utamwona anasubiri tu zamu yake; uso umesimama, kisha zamu inafika na mikono inaanza kufanya kazi kuliko mdomo. Ukija kwenye zile za 2010 na 2011 uso haukai tena bure, unapokea kila neno linaloingia. Itazame Uncle JJ, pale anapocheza na watoto. Mtoto hafuati karatasi, ukimsubiri amalize atakuharibia, kwa hiyo ilimbidi awe macho kila wakati. Naamini watoto wale walimfundisha kazi kuliko nyota yeyote aliyesimama naye, ingawa hapa sokoni wapo watakaonipinga kwa kelele.

Kasoro usizifiche. Muziki unafunika maneno. Magari yanawasili, mageti yanafunguliwa, mtu anapanda ngazi mpaka unachoka wewe uliyekaa, na yote hayo ni kwa ajili ya kujaza sehemu ya pili. Ukimsifia mtu filamu za Kanumba bila kumwonya kuhusu mageti, atakuona mwongo dakika ya ishirini na hatarudi tena. Zamani tulikuwa tunabishana, Kanumba au Ray, mpaka watu wanakunjana mashati, na katika mabishano yale hakuna aliyekubali hata geti moja. Tulikuwa wajinga.

Mwaka 2009 alialikwa kuingia kwenye nyumba ya kipindi cha televisheni cha Big Brother Africa kule Afrika Kusini, na nyumbani kwao wakamcheka kwa Kiingereza chake. Huku kwetu jambo hilo lilituuma kwa namna ya peke yake. Sisi ni watu ambao mwalimu alituvika kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili darasani. Tunajua jasho la kusimama mbele za watu na lugha isiyo ya mama yako. Yeye hakujificha. Baadaye akacheza Devil Kingdom na Ramsey Nouah, Mnaijeria yuleyule ambaye mabango yake yalikuwa yamechubuka kwenye kuta za vyumba vyetu vya video. Hiyo filamu itazame baada ya nyingine zote, si kabla.

Nimefika pale nilipokuwa nakwepa.

CD nilizouza hazikuwa halisi. Chache za mwanzo, ndiyo. Lakini kufikia 2008 nilikuwa nanunua moja halisi, nampelekea kijana mwenye kompyuta, ananichomea 50, jalada tunalitoa fotokopi yenye rangi iliyofifia mpaka uso wa Kanumba unakuwa wa kijani. Niliuza hizo nikiwa nimevaa fulana yenye picha yake. Ukiniuliza nani shabiki wake mkubwa pale sokoni, ningekujibu mimi, bila kusita. Na katika kila CD ya kuchoma niliyouza, yeye hakupata hata faranga moja.

Tarehe 7 Aprili 2012 ilikuwa Jumamosi, kesho yake Pasaka. Kadutu ilikuwa imefurika, mvua imenyesha, watu wanateleza kwenye matope na vikapu vya sambaza kichwani. Simu iliingia kutoka Uvira: Kanumba amefariki usiku, Dar. Miaka 28. Nilibisha. Simu ya pili ikaja, ya tatu, halafu redio ya jirani. Ndani ya saa moja meza yangu ilizungukwa na watu. Wengine walikuwa wanalia kweli, na wote walitaka CD, yoyote ile, hata sehemu ya pili bila ya kwanza.

Nilipandisha bei. Ya faranga 500 nikaiuza 1,000, na kufikia jioni 1,500. Yule mama wa sambaza alikuja, akachukua Uncle JJ, akalipa bila kuomba punguzo, kisha akaniambia, "Pole, mutoto yangu", kwa sababu aliniona na ile fulana akadhani mimi ndiye mfiwa. Usiku nilihesabu fedha ambazo sijawahi kuzipata tena kwa siku moja katika biashara ile. Nikanunua kuku wa Pasaka. Nilimla.

Kwa hiyo ninapokushauri ulipie kazi ya mwigizaji unayempenda, usinisikilize kama mtu mwema. Nisikilize kama mtu anayejua hesabu. Zidisha 50 kwa kila filamu, kwa kila meza ya Kadutu, kisha Goma, Uvira, Bujumbura, halafu ndipo uulize kwa nini muziki ulifunika maneno na kwa nini mageti yalikuwa marefu. Fedha za kuandika upya na kurekodi upya zilikuwa kwenye mifuko ya watu kama mimi. Leo una simu: itazame filamu kwenye ukurasa wa wenye kazi, si kwa mtu aliyeikata vipande na kubandika jina lake juu. Na kama muigizaji wako yuko hai, hapa Bukavu kuna vijana wanaopiga filamu kwa kamera ya kuazima. Kiingilio chao lipa, usiombe kuingizwa bure eti mnafahamiana.

Mwaka 2013 Tanzania ilianza kubandika stempu za kodi kwenye CD za filamu na muziki. Mwaka huohuo ikatoka Love & Power, aliyoiacha tayari kabla ya kifo chake. Nilimtuma dereva wa lori aniletee mbili halisi. Alinicheka, akasema anaweza kuniletea moja na nikachoma mwenyewe. Moja niliitazama. Ya pili bado imo kwenye nailoni yake, juu ya kabati, na mke wangu kila akipangusa vumbi huniuliza nitaifungua lini, huku akijua mashine ya kuichezea ilikufa zamani.