Kabla hujatolewa kizazi, kinyama cha uvimbe kimepimwa maabara?

Usisaini hiyo fomu. Salamu baadaye.

Umeandika Pap smia (kile kipimo cha kukwangua seli za shingo ya kizazi) iko safi, ultrasaundi imeonyesha shingo ya kizazi imevimba, damu haikati, na daktari kakupangia Jumatatu kutoa kizazi. Unauliza bei, siku za kulazwa na lini utaanza kula ugali. Hayohayo niliyauliza mimi 2019, nikajibiwa vizuri sana, nikaenda kukatwa.

Kumbe nilikuwa na limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu, kwenye shingo ya kizazi. Ni adimu, sawa. Ila huwa inaota chini ya utando wa juu wa shingo hiyo, na Pap inakwangua juu tu. Ni sawa na kupiga deki ukitafuta bomba lililopasuka chini ya sementi. Daktari wangu akaniambia, "Pap safi mama, hiyo fibroidi, uvimbe tu usio saratani, kalale." Nikalala miezi saba, naamka pedi mbili zimeloa.

Kinyama walikata kimoja, kama punje ya mchele, wakakitumbukiza kwenye maji ya dripu badala ya fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze. Nikakibeba mwenyewe kwenye pochi, daladala mbili, jua la Dar la saa saba. Maabara wakaandika kimeharibika, hakisomeki. Mwenye akili angesema turudie. Yeye: "Tutoe tu, majibu yatakuja na kizazi." Nami na diploma yangu ya uhasibu, mtu wa kukagua vocha za wenzangu, nikasaini!

Majibu yalikuja kweli. CD20 (alama ya seli B, aina ya chembe nyeupe) chanya, saitokeratini (alama ya saratani za kawaida za shingo ya kizazi) hasi: limfoma ya seli B kubwa. Tiba yake? Dawa za saratani za R-CHOP, dripu na vidonge, mizunguko sita, zilezile ambazo ningepewa kizazi kikiwa mahali pake. Nilikuwa na miaka 33, mtoto mmoja. Mume akigusia wa pili namwambia akadai na risiti.

Huenda yako ni fibroidi kweli, nazo ndizo nyingi. Lakini kisu kisubiri kinyama: kikatwe kwa ndani, kiingie fomalini, na maabara wapime CD20, CD3 (alama ya seli T, chembe nyeupe za aina nyingine) na saitokeratini, maana kwa rangi ya kawaida hizo seli hufanana na saratani nyingine, hata na uvimbe wa maambukizi tu.

Bei sikumbuki, risiti nilizichana. Jumatatu ni keshokutwa na kinyama hujakitaja popote. Mpigie daktari leo.