Kopo Limefunguliwa, Mbona Linanuka Siki?

*Mzee wetu wa tumbaku, mteuzi mstaafu wa Urambo, anajibu barua za wasomaji.*

Shikamoo mzee. Mdogo wangu ni baharia, kaniletea kopo la tumbaku ya kiko kutoka Marekani. Nilipolifungua likatoa harufu ya siki na tomato sosi, hadi mke wangu akauliza nani kamwaga achari. Limeharibika? — Msomaji wa Tanga

Marahaba mwanangu. Usilitupe. Mimi nilishatupa moja, na aibu yake sijaisahau.

Nilikuwa mteuzi, kazi yangu kutwa nzima ni kuchomoa majani kwenye marobota, kuyatazama, kuyapapasa, kuyanusa, kisha kutaja daraja huku mkulima akinikodolea macho. Kwa hiyo pua yangu niliiamini kuliko kalamu yangu. Msimu mmoja mgeni aliyekuja kuangalia masoko akaniachia kopo la zawadi. Nikalibandua kwa sarafu, likatoa pumzi, psss, halafu siki ikanipiga usoni. Nikasema moyoni, huyu mzungu kauziwa mzoga. Nikalimwaga kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Jioni akapita kuniuliza nimelionaje. Nikamwambia zuri sana, tena naomba jingine.

Jani lile lilikuwa Virginia, ndugu yake hasa wa hili letu la Tabora tunaloliita tumbaku ya mvuke. Kwenye bani, yaani banda la kukaushia, joto hupita ndani ya mabomba, moshi haugusi jani. Likikaa humo kama wiki moja hukauka na sukari yake ikiwa bado imo ndani. Ukinusa robota zuri la njano utadhani mtu kaoka mkate jirani. Sasa wenye viwanda wakilichukua wanalikandamiza liwe kama keki, wengine wanalipiga mvuke, kisha wanalitia koponi likiwa na unyevu wake na kulifunga kabisa. Humo jani haliachi kubadilika. Linachachuka polepole, na asidi inayopatikana ni ileile iliyomo kwenye siki ya kachumbari. Changanya siki na sukari iliyopata moto, hiyo si tomato sosi? Makopo ya McClelland ya Kansas City yalijulikana kwa harufu hiyo mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2018, na wapo wanaoyatafuta hadi leo kwa sababu hiyohiyo.

Ikiwa kwenye kopo lako kuna vipande vyeusi vilivyochanganywa, huenda ni tumbaku iitwayo perique, ya St. James kule Louisiana. Ile wanaishindilia kwenye mapipa yaliyokuwa ya wiski, wanaikaza kwa parafujo kubwa na kuiacha ichachuke kwa muda wa mwaka mzima. Hutoka na harufu ya zambarau zilizoiva kupita kiasi, na ya uyoga kidogo.

Fanya hivi: chukua tumbaku ya kujaza kiko kimoja, itandaze kwenye kisahani, nenda kaswali au kanywe chai, urudi baada ya saa moja. Unusie kisahani, kopo liache. Siki itakuwa imekimbia, utakuta nyasi kavu, mkate, pengine zabibu. Ile ya mwanzo ilikuwa hewa iliyofungiwa miezi au miaka, lazima itoke kwa kishindo.

Mzee, langu linanukia sabuni ya kuogea na mawaridi. Binti yangu anaapa hakulitia kwenye begi lake la vipodozi. — Mama wa Mombasa

Mwamini binti, mama. Huenda hilo limetoka Kendal, mji mdogo wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza ambako wamesaga ugoro na kukata tumbaku tangu karne ya 18. Wao hutia manukato makusudi: waridi, jeraniamu, na mbegu za tonka zinazonukia kama vanila iliyochanganywa na majani makavu. Kuna watu wanaipenda kupindukia. Mimi simo, ila sina ugomvi nao.

Angalizo moja tu: tumbaku hiyo itengewe kiko chake peke yake. Mti wa kiko hunywa harufu. Changu kimoja nilikijaribia mara mbili tu, na hadi leo kinanukia kama chumba cha bibi harusi, hata ukikitia tumbaku gani.

Nimefungua kopo, likanuka samaki wa moshi, lami na ngozi ya viatu. Ndiyo nini? — Kijana wa Namtumbo

Wewe wa Namtumbo ndiye wa kunieleza mimi! Si mnalima tumbaku ya moshi huko, na kuiwashia moto chini ya bani mpaka macho yanatoka machozi? Hiyo yako ni latakia, binamu yake. Jina ni la bandari ya Syria ilikoanzia, ingawa kwa miaka mingi sasa hutoka zaidi Kupro. Huko hufukiza majani madogo ya kituruki kwa misonobari, mihadasi na vichaka vingine vyenye utomvu wa kunukia, ndiyo maana moshi wao una uvumba ndani yake. Haijaharibika. Lakini usiihifadhi karibu na unga.

Sasa mzee, iliyooza kweli tutaijuaje? Na je, yenye manukato ina madhara kidogo? — Msomaji wa Dodoma

Nianze na la pili. Hapana. Manukato hayaondoi kitu. Kiko kinaleta saratani ya mdomo na koo vilevile kama mawaridi yamo au hayamo. Mimi daktari kanikataza, siku hizi nanusa tu.

Kuhusu kuoza: ukikuta harufu ya banda la kuku, hiyo ni amonia, na mara nyingi hutoka kwa burley, jani la aina ile wanayolima sana Malawi. Hukaushwa kwa upepo kivulini, sukari yake karibu yote inakwisha. Inakera lakini hupungua. Ukiona chembe nyeupe juu ya Virginia ya zamani, zisogeze kwenye jua. Zikimetameta kama chumvi ya mawe, hizo ni fuwele, usizihofie. Zikiwa kama pamba, zenye manyoya, huo ni ukungu. Harufu yake naijua hata usingizini: godauni lililovuja mvua za masika, magunia yamelowa, mlango umefungwa. Robota la namna hiyo nilikuwa nalikataa kabla kamba haijafunguliwa, mkulima alie asilie. Angalia pia kingo za kifuniko, kutu ikishatoboa hewa imeingia na unyevu umeifuata.

Ukibaki na shaka, litandaze lote kwenye gazeti usiku mmoja. Asubuhi siki itakuwa imepungua, amonia pia. Ukungu utaukuta palepale ulipouacha.