Pikipiki kuukuu ya motokrosi: nianzie wapi?

SWALI: Nataka kushiriki mbio za motokrosi (za njia ya udongo yenye vilima) za pikipiki za kale, lakini fedha ni kidogo. Ninunue ipi, na nianze kutengeneza wapi?

JIBU: Kwanza soma kanuni za daraja la mashindano unalolitaka, kwani nyingi hudai injini ya kupozwa kwa hewa, breki za dramu na shokapu mbili nyuma. Kisha tafuta Suzuki RM125 za miaka ya 1970. Ziliuzwa nyingi, hivyo spea hupatikana kuliko za Maico ya Ujerumani, ingawa Maico ni pikipiki tamu mno.

Nunua iliyo kamili. Tangi, ekzosi na habu zikikosekana, utazitafuta kwa bei inayoweza kupita ya pikipiki yenyewe. Injini iliyokwama si tatizo kubwa: silinda huchongwa na kuwekewa pistoni ya saizi inayofuata. Fremu ndiyo ya kuogopa. Ikwangue rangi, ukague nyufa kwenye shingo, chini ya vikanyagio na pale swingiamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) inapofungwa.

Usiiwashe kabla ya kubadilisha sili za kranki (mipira inayozuia hewa kuingia pembeni mwa kranki). Zikikauka huvuta hewa, mchanganyiko unapungua petroli, pistoni inapata joto kali na kukwama. Kujua kama sili mpya zinaziba, ziba mlango wa kabureta na wa ekzosi, pampu hewa psi 6. Isishuke kwa dakika 5.

Oili ya kuchanganya na petroli: mililita 156 kwa lita 5 za petroli, yaani 1 kwa 32. Rangi mpya ingoje.